Damu Iliyoirekebisha Mashine: Shangazi wa Maabara Anastaafu

Wafanyakazi wote, wa kudumu na wa muda, wanataarifiwa kwamba kuanzia Ijumaa tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, kiti cha dirishani katika maabara kitakuwa wazi. Kiti hicho ni cha mbao na kina miguu minne, mitatu ikiwa na urefu mmoja. Wa nne umeongezewa kipande cha boksi la glavu. Maombi matatu yameshapokelewa, moja limetoka kwa mtu ambaye hafanyi kazi maabara. Uongozi unaomba subira mpaka mwenye kiti ainuke.

Mwenye kiti amekikalia kwa miaka thelathini na tatu na miezi minne. Jalada lake lina jina lake kamili, lakini hatuna sababu ya kulitumia, kwa kuwa siku moja lilipoitwa kwenye kipaza sauti hakuna aliyeitika, hata yeye mwenyewe. Hapa ni Shangazi. Ni shangazi wa madaktari, wa walinzi, wa wafagizi, na wa wagonjwa wenye umri wa kumzaa.

Kwa miaka yote hiyo Shangazi amepima mafuta ya kwenye damu. Kwa wale wanaodhani maabara ni dirisha la kuachia vichupa na kuondoka, kazi yenyewe ni hivi: damu huzungushwa mashineni mpaka chembe zikae chini na maji ya manjano yabaki juu. Maji hayo ndiyo yanayosema una lehemu kiasi gani, ile ambayo mtaani huitwa kolestro. Kuna lehemu mbaya, inayoganda kwenye kuta za mishipa ya moyo, na kuna nzuri, inayojaribu kuiondoa. Ni kama ndugu wawili wa nyumba moja, mmoja anamwaga taka na mwingine anafagia. Ugomvi wao ndio umemlisha Shangazi na kusomesha watoto wake wanne.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na saba. Enzi hizo kipimo kilitaka mtu afunge saa kumi na mbili kabla ya kutolewa damu. Binadamu, kama Shangazi alivyogundua wiki ya kwanza, hafungi. Anasema amefunga. Ndiyo maana akachagua kiti cha dirishani. Maji ya damu ya mtu aliyefunga huwa maangavu; ya aliyekula mafuta huwa meupe, kama maji yaliyosuuza sufuria ya maziwa. Mwalimu mkuu mmoja, mtu wa heshima na tai, aliapa mbele ya benchi zima kwamba tangu jana hajatia kitu kinywani. Shangazi akakiinua kichupa chake kwenye mwanga, akakitazama mara moja tu, akamfuata kwenye benchi, na kwa sauti yake ya kawaida, ambayo husikika mpaka famasi, akamwambia, "Mwalimu, rudi kesho. Na huyo kuku mwache nyumbani."

Sisi wenzake pia hatukupona. Katika chumba cha chai Shangazi hakuwa na haja ya dirisha. Alisoma sahani moja kwa moja. Mtunza stoo alikula viazi vyake vya kukaanga miaka sita akiwa amesimama nyuma ya mlango, kwa hofu. Yeye mwenyewe Shangazi ni mwembamba kama uzi wa sindano. Alikuja kazini kwa miguu, na mchana alifungua kibakuli cha mboga za kuchemsha zisizo na chumvi, chakula ambacho hata mgonjwa aliyelazwa angekirudisha jikoni. Tulimchukia kwa heshima. Lakini tuliamini kwamba kama kuna moyo mmoja salama katika jengo hili, ni ule.

Hapo ndipo lilipoanzia kosa ambalo hatuwezi kuandika habari zake bila kulitaja, na ambalo yeye mwenyewe ametuagiza tusilifiche.

Mashine ya kupimia ina tabia ya kupotoka, kama mizani ya sokoni. Ili kujua iko sawa, huwekewa chupa za uhakiki, yaani maji ya kiwandani ambayo kiwango chake kimeshaandikwa kwenye kibandiko. Chupa ikisema mia na ishirini, na mashine ikisema mia na ishirini, mnaendelea na kazi. Shangazi alipoanza, chupa hizo zilikuwa zikiagizwa kila mwaka na hazikuwa zikifika. Basi akatumia alichokuwa nacho. Kila Jumatatu asubuhi alijifunga mpira kwenye mkono wa kushoto, akajitoa damu, akaipima. Lehemu mbaya: tisini na nane. Jumatatu iliyofuata: tisini na nane. Mvua ikanyesha, jua likawaka, akazaa, akanyonyesha, akarudi: baada ya muda, tisini na nane tena. Namba ikitoka tofauti, alijua mashine imelewa, akakizungusha kitufe cha marekebisho mpaka irudi pale pale.

Mashine tatu zimekuja na kuondoka katika utawala wake, na zote zilijifunza kuitii damu hiyo. Mkaguzi mmoja aliwahi kuuliza chupa ya uhakiki iko wapi. Akaambiwa anazungumza nayo. Akaandika kwamba ameridhika. Miaka mingi baadaye chupa za kiwandani zikaanza kufika kwelikweli. Zilipokelewa kwa saini, zikawekwa rafu ya chini ya friji, zikaachwa zipumzike. Zikiisha muda zilitupwa, na nyingine zikaja kupumzika mahali pake.

Sasa lazima tumtaje Daktari Mabomba. Huyu ni daktari wetu wa moyo, na jina hilo alijipa mwenyewe kwa kuwaeleza wagonjwa kwamba mishipa ni mabomba na yeye ni fundi wake. Humlaza mtu mezani, humpitishia mrija mwembamba kwenye kifundo cha mkono mpaka kwenye moyo, na kwenye kioo huona ni mshipa upi umebana na umebana kiasi gani. Kwa miaka kumi na moja amekuwa na daftari lenye safu mbili: kushoto namba ya lehemu iliyotoka kwa Shangazi, kulia mishipa aliyoikuta imebana.

Kila Alhamisi, ukumbini, wawili hao waligombana kuhusu daftari hilo. Shangazi alishikilia kwamba namba inasema yote. Lehemu ikipanda, mishipa inabana, na picha ni mapambo. Mabomba alishikilia kwamba namba ni fununu, habari kamili iko kwenye mishipa, na kwamba amewaona wenye lehemu ya kutisha na mishipa ya mtoto, na wenye lehemu ya malaika na mishipa ya bomba la choo. Wote wawili walikuwa na haki kiasi, jambo ambalo huwafanya watu wagombane zaidi. Kwa jumla safu mbili zile zilikwenda pamoja kama ng'ombe wawili wa jembe moja: hawakanyagi kwa wakati mmoja, lakini njia yao ni moja.

Halafu, kama miaka minne iliyopita, ng'ombe wakaanza kuachana. Wagonjwa wakawa wanakuja kwa Mabomba na namba nzuri na mishipa mibovu, kisha wengine, kisha wengi. Daktari mwenye busara angeshtuka. Wetu alifurahi. Aliona ameshinda mabishano ya Alhamisi, akaanza kuandaa hotuba ya kwenda kusoma kwenye mkutano wa madaktari, kwamba lehemu haina neno kubwa la kusema juu ya ukali wa ugonjwa wa moyo. Alikwisha nunua suti.

Suti hiyo iliokolewa na dereva wa lori. Aliletwa Agosti iliyopita kifua kikimbana, na mezani akakutwa mishipa mitatu imebana, mmoja umebaki upenyo wa kupitisha unywele. Alipozinduka hakushukuru. Alidai. Alitoa mfukoni majibu yake ya maabara ya miezi minane nyuma, ambayo alikuwa ameyatia plastiki kama leseni, yakisema lehemu mbaya ni mia moja ishirini na saba. Akataka aelezwe, yeye aliyeambiwa yuko sawa na akaacha dawa kwa sababu hiyo, moyo wake ulisoma karatasi gani. Mabomba alichukua damu ya dereva, akaipeleka kwetu na kwenye maabara nyingine mbili za mjini. Kwetu ilisoma mia moja ishirini na nane. Kwingine mia moja sabini, na mia moja sabini na moja.

Shangazi aliletewa karatasi hizo tatu Jumatano asubuhi. Alisema mashine za wenzetu zimelewa. Alisema mengine ambayo taarifa hii haina nafasi ya kuyachapa. Wakati anaendelea kusema, fundi mwenzetu ambaye ana miaka miwili kazini, na ambaye tunamwita Mdogo Wetu, alifungua friji, akainama mpaka rafu ya chini, akatoa chupa mbili za uhakiki, akaziweka mashineni bila kuomba ruhusa. Chupa iliyoandikwa mia na ishirini ilisoma tisini. Iliyoandikwa mia mbili ilisoma mia na hamsini. Robo nzima ilikuwa inapotea.

Mdogo Wetu akairudisha mashine kwenye chupa. Shangazi, bila kuambiwa, akajifunga mpira mkononi, ijapokuwa haikuwa Jumatatu. Mia moja thelathini na moja. Akarudia. Mia moja thelathini na moja. Ndipo akakaa.

"Mashine ni nzima," alisema. "Mbovu ni mimi." Kisha akakitazama kitabu cha majibu, kile kikubwa cha kurasa mia nne. "Na hawa wote?"

Ilivyokuwa ni rahisi na inauma. Damu yake ilikuwa imeanza kupanda polepole, kama inavyopanda ya wanawake wengi wakishavuka umri wa kuzaa, mboga za kuchemsha zisimsaidie kitu. Kila ilipopanda kidogo, yeye alidhani ni mashine, akairudisha chini kidogo. Na kila alipoirudisha chini, alimrudisha chini kila mgonjwa wa wiki hiyo. Mganga hajigangi, wahenga walisema. Hawakumfikiria mtu anayejipima kila wiki na kumkatalia mpimaji. Mume wake, ambaye ni fundi saa, alipoelezwa aliweka miwani chini akacheka mpaka akafuta machozi. "Miaka thelathini na tano," alisema, "nimeishi na mtu anayeirekebisha saa ya mnara ifuate ya mkononi mwake." Alipomaliza kucheka aliuliza hiyo mia moja thelathini na moja ina maana gani kwa moyo wa mke wake. Hakuna aliyecheka tena.

Mganga mkuu, kwa nia njema, aliandaa barua ya kusema kwamba mashine ilikuwa imechakaa. Shangazi aliisoma, akakata neno "mashine", akaandika juu yake "mpimaji", akasaini. Mganga mkuu akapendekeza basi tangazo moja libandikwe ubaoni, wote waliopimwa tangu kosa lianze warudi. Shangazi akamkumbusha kwamba tangazo la mwisho lililobandikwa kwenye ubao ule linahusu mwavuli uliopotea, na mwavuli wenyewe bado unaning'inia chini yake.

Bahati, kama tunaweza kuiita hivyo, ni kwamba Shangazi ni mtu wa kuandika. Kila alipokizungusha kitufe aliandika tarehe na kiasi. Alikaa na kitabu cha majibu wiki tano, akiirudishia kila namba kile alichoinyang'anya, na akatoa orodha ya wale ambao kwa namba yake walionekana salama na kwa namba ya kweli hawakuwa. Walikuwa mia nne na kumi na wawili. Alikuwa amebakiza miezi tisa astaafu. Alisema hatatoka kwenye jengo hili na mstari hata mmoja ambao haujakatwa.

Kuwapata watu kwa simu, tunawaarifu wasiojaribu, ni kazi ya kudhalilisha. Sauti ya mwanamke usiyemjua inakuambia damu yako ina tatizo, uje haraka. Nusu ya mia nne na kumi na wawili walikata simu wakiamini ni tapeli. Mmoja alimwambia kwa upole kwamba mbinu hizo zimepitwa na wakati, atafute nyingine. Shangazi alimpigia tena na kumsomea tarehe aliyopimwa, shati alilovaa, na uongo aliosema kuhusu kifungua kinywa. Alikuja siku hiyo hiyo, na mkewe, na mama mkwe. Wasio na simu alikwenda kuwagongea milango kila Jumamosi, akiwa na orodha kwenye pochi na Mdogo Wetu nyuma yake na sanduku la vichupa.

Wengi walihitaji kidonge na mazungumzo makali. Thelathini na mmoja walipita kwenye meza ya Mabomba, na tisa kati yao mishipa ilifunguliwa kabla haijajifunga yenyewe. Wawili hakuwakuta, walikuwa wametangulia mwaka uliopita, na hakuna daktari anayeweza kuapa kwamba namba ya kweli ingewabakisha. Shangazi alikwenda kwenye nyumba zote mbili peke yake. Hakutuambia alisema nini, na mara hiyo moja hatukuuliza.

Mwenyewe alikataa kulala mezani mpaka orodha ifike mia mbili. Mabomba aliacha kumsalimia, ukumbi ukawa kimya Alhamisi mbili mfululizo, mpaka wafagizi wakalalamika. Hatimaye akalala. Aliomba kioo kigeuzwe upande wake, na kwa dakika ishirini alimwelekeza daktari mahali pa kupita. Mshipa mmoja ulikuwa umebana nusu. Akamwambia asome tena. Daktari akasoma tena: nusu. Hautoshi kufunguliwa leo, unatosha kuheshimiwa kila siku. Shangazi akataka kujua, akiwa bado amelala na mrija mkononi, kama hiyo ni hoja yake au ni hoja ya daktari: lehemu yenyewe siyo ya kutisha, na mshipa umebana hivyo.

"Ni hoja ya uzee, Shangazi," Mabomba akamjibu. "Lala vizuri."

Alianzishiwa kidonge. Namba yake sasa ni sabini na nne, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue analalamika kwamba ni ndogo mno. Daftari la safu mbili limerekebishwa, ng'ombe wamerudi kwenye jembe moja, na hotuba ya Mabomba ilichanwa. Suti anaivaa leo. Ameomba isemwe kwamba yeye pia alikuwa na ushahidi wa kosa mkononi kwa muda mrefu na akaupenda kwa sababu ulimsifu.

Mafanikio ya Shangazi ni mengi na mengine yako ukutani kwenye fremu. Amefundisha mafundi kumi na tisa, ambao wote wanajua kutofautisha maji ya damu na uongo. Aliisimamia maabara kwenye mafuriko ya chumba cha chini akiwa ameshika trei ya sampuli juu ya kichwa. Lakini tukiulizwa ameacha nini, tutaonyesha karatasi iliyobandikwa kwenye mashine kwa mwandiko wake, ambayo kila asubuhi Mdogo Wetu huisoma kabla ya kuwasha: "Usiniamini. Fungua chupa."

Shangazi, ulitupima tukiwa na njaa na tukiwa na shibe, na hukuwahi kutuficha majibu, hata yalipokuwa yako. Ahsante. Kapumzike kwa fundi saa, upande kitanda kabla ya saa nne, umeze kidonge chako, na uwaache majirani wale wanachokula, angalau mwezi wa kwanza. Umri wako na uwe mrefu, na mabomba yako yabaki wazi.

Imebaki taarifa moja. Mtu wa mia nne na kumi na mbili kwenye orodha, fundi viatu aliyekuwa amehama bila kuaga, alipatikana Jumatano. Amesema hajawahi kutolewa damu maishani mwake. Aliyepimwa ni shemeji yake, aliyeazima kadi yake ya matibabu. Shemeji hana simu. Jumatatu Shangazi anakuja kazini.